Gari la Maiti Halirudi Nyuma

Mzee Mghendi,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza na salamu kama mtu mwenye adabu, nikuulize huko uliko kukoje, lakini nimekaa na kalamu tangu watu watoke kanisani na kila nikianza na salamu mkono unakataa. Basi nianze na hasira. Salamu zitafuata zikipata nafasi.

Ni mimi Mutuku, utingo wako wa zamani, yule Mkamba wa Maungu uliyemfundisha kupanga mabati bila kukatwa vidole, kisha ukampa usukani. Nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia mtu mwingine. Mke wangu nimemwambia nusu. Mkeo anajua nusu nyingine. Madam, tajiri wetu mwenye duka, anajua kile kipande anachokipenda. Walio na habari kamili ni mimi na wewe, na wewe umelala zako Werugha kwenye baridi yako, hudaiwi na mtu.

Nianze na siku tuliyokupeleka nyumbani, maana kwa upande wako hukuona kitu.

Ulipofariki, Madam alikataa katakata familia ikodi gari. Alisema mtu aliyebeba saruji na misumari ya duka hili tangu nywele zikiwa nyeusi hawezi kwenda kwao kwa gari la kukodi. Akatoa kanta, lile lori dogo la duka, akajaza mafuta, akaniita: "Mutuku, wewe ndio utampeleka Mzee." Nilishukuru. Nilikuoshea gari lako mwenyewe, Mzee, hadi chini ya mabawa ya matope, mahali ambapo hata wewe ulikuwa hupaoshi. Tukakuchukua mochari Voi, tukapita Mwatate, tukapanda zile kona za Wundanyi polepole, gia ya pili, kama ulivyotaka siku zote. Nyuma walikaa wazee wa kwenu na kwaya. Mimi mbele nilikuwa nalia bila sauti, na ukungu ulipoanza sikujua kipi kinanizuia kuona, ukungu au machozi.

Pale unapoacha barabara kubwa kuingia kwenu, unapajua. Kushoto ukuta wa mawe unaoshika udongo wa shamba, kulia bonde. Tumeshaingia, na kutoka kwenye ukungu ikatokea pikapu ya maziwa, imejaa madebe, na nyuma yake bodaboda zimejipanga. Hakuna pa kupishana. Nyuma yangu kidogo tu kulikuwa na uwanja wa kanisa, peupe, pangetosha malori mawili. Mtu yeyote mwenye leseni angetia rivasi, angeingia pale, angewapisha wale watu, na leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Lakini mimi nilifundishwa na wewe.

Ni wewe uliyeniambia, mara ya kwanza tulipobeba maiti pamoja, kwamba gari la maiti halirudi nyuma. Nilikuuliza kwa nini. Ukanijibu kwa ule uso wako wa mahakamani kwamba marehemu akirudishwa nyuma anakumbuka alichosahau, na akikikumbuka atawaita watu wake mmoja mmoja waje kukitafuta. Mimi ni nani nibishane? Nilidhani ni mila ya Wadawida, watu wa kwenu. Tumebeba maiti wangapi mimi na wewe, Mghange, Werugha, hadi kule juu ambako hakuna njia, na hukurudi nyuma hata hatua moja. Ulikuwa unazima injini, unakunja mikono, unangoja wengine wote warudi. Na walirudi, tena kwa heshima, wengine wakivua kofia.

Kwa hiyo nilizima injini nikakunja mikono. Dereva wa pikapu akatoa kichwa akasema hawezi kurudi, nyuma ni mteremko na bodaboda wamemziba. Wazee wa kwenu huko nyuma wakagonga bodi: "Usirudi, kijana. Mzee hatarudishwa nyuma leo." Wao pia walijifunza kwako, nimekuja kujua baadaye. Nikawasha, nikajipenyeza. Pikapu ilipita. Mimi upande wa kushoto niliuacha kwenye ukuta: kioo, taa, mlango, na bodi yote ikakunjika kuanzia mbele hadi nyuma. Sanduku lako halikutikisika. Nilijisikia vizuri, usinicheke. Nilisema moyoni, Mzee ameona kwamba mafunzo yake hayakupotea.

Nikaegesha ule upande uliopondeka ukiangalia ua, watu wasiuone. Madam alikuwa ametangulia na gari lake dogo, amekaa hemani mbele. Ulipofika wakati wa hotuba alishika maikrofoni akasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa: "Duka limetoa gari, limetoa mafuta, limetoa dereva. Na tafadhali mtu asimpe Mutuku hata pesa ya soda. Leo yuko kazini, mimi ndio namlipa." Watu wakapiga makofi. Mchungaji akaombea biashara.

Hayo makofi, Mzee, kumbe yalikuwa na mwisho wake. Jumatatu Madam aliuona ule upande.

Sitakuambia yote aliyosema. Alipotulia alieleza hivi: bima italipa, lakini si yote. Kuna kile kiasi cha kwanza wanachokiita excess, ambacho bima haikigusi. Mwenye gari anakitoa mfukoni mwake, ndipo wao walipe kilichobaki. Na mfuko wenyewe, akasema, ni wangu. Nikamwambia nilikuwa kazini. Akauliza, "Kazini wapi? Hiyo ilikuwa matanga." Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema mbele ya kijiji kizima kwamba niko kazini. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akila udongo, akasema, "Mutuku, hayo yalikuwa maneno ya matanga."

Sasa niambie, mtu anajibu nini hapo? Kama ningepata ajali nikipeleka mabati, ningekuwa kazini. Kama ningekataa kukupeleka, ningefutwa kazi. Lakini nilipokupeleka, kwa amri yake, kwa gari lake, na jina la duka lake ubavuni, nilikuwa natembea tu. Na kila nikifungua mdomo alikuwa na jibu moja la kunimaliza: "Mzee Mghendi hakugonga hata kuku." Hilo jina lako nililichoka. Kila kona ya lile duka ilikuwa Mzee Mghendi hivi, Mzee Mghendi vile. Nilitamani ungefufuka siku moja tu, ugonge mlingoti, kisha urudi kulala.

Akaja mkaguzi wa bima. Kijana mpole, alipiga picha, akanyoosha kidole kwenye picha ya uwanja wa kanisa akaniuliza, "Hapa nyuma kulikuwa na nafasi. Mbona hukurudi?" Madam yuko pembeni na simu sikioni. Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nimwambie marehemu angekumbuka alichosahau? Aandike hivyo, ipelekwe Nairobi, isomwe na watu wenye tai? Niliona haya. Nikasema ukungu mzito na njia nyembamba, akaandika ukungu mzito na njia nyembamba.

Bima ilikubali. Kanta ikatengenezwa gereji, ikapakwa rangi, ikang'aa, na ikakaa pale pale. Fundi alisema haitoki mpaka ile excess ilipwe. Madam akasema anangoja nisaini akate mshahara wangu kidogo kidogo mpaka iishe. Mimi nikasema sisaini. Siku zikaenda. Duka likawa linakodi lori la watu, mimi dereva nikawa nabeba saruji kwa mgongo, na kila jioni Madam ananiuliza, "Umefikiria?"

Nilifikiria, Mzee. Nilifikiria hadi nikaumwa kichwa. Unajua Maungu ilivyo. Maji tunanunua kwa mtungi na mke wangu anaamka gizani kuyapigania. Mwaka huu tulikuwa tumekaribia kununua tangi kubwa, tukinge mvua hata zikija zile chache. Huo mshahara ukikatwa, tangi linaisha kuwa hadithi. Nilienda hadi kwa afisa wa kazi. Alinisikiliza vizuri. Akauliza kama nilitumwa, nikasema nilitumwa. Akauliza kama niliharibu kwa makusudi. Hapo nilimweleza kwamba nilikuwa na nafasi ya kurudi na sikurudi, kwa sababu gari la maiti halirudi nyuma. Akaniambia nilete kitu kinachoonyesha kwamba ni mila, niliwekwa mahali ambapo singeweza kufanya vingine. Wakati huo Madam naye alikuwa ameshasema neno la mwisho: mwezi ukiisha nimletee sahihi au nimletee ufunguo.

Nikapanda Werugha kwa mkeo.

Nilimkuta anakamua. Nikamsaidia kubeba ndoo, tukaingia jikoni, akanipa chai ya maziwa matupu, ndipo nikamwambia shida yangu. Sikuwa nimetaka ajue kuhusu deni, maana angetaka kuuza ng'ombe. Nilimwomba tu wazee wawili waandike kwamba kwa Wadawida gari la maiti halirudi nyuma. Aliweka kikombe chini. Akasema, "Nani alikuambia hiyo ni mila yetu?"

Nikasema Mzee.

Mama alicheka, Mzee. Tangu tukuzike sikuwa nimemwona hata akitabasamu, na sasa alishika meza akicheka hadi kilemba kikamtoka. Nilidhani amechanganyikiwa. Alipopata pumzi ndipo aliponieleza. Lile lori la zamani, lile mlilokuwa nalo kabla ya kanta, kabla mimi sijaja, gia yake ya rivasi ilikuwa imekufa. Ulimwambia tajiri wa wakati huo, mume wa Madam, ukamwambia tena, na kila mara akasema kesho. Ndipo siku moja mkapeleka maiti Mghange, mkakutana na gari njia nyembamba, na watu wote wanakutazama wewe urudi. Uliona aibu kusema lori la duka lenye jina kubwa Voi haliwezi kurudi nyuma. Ukashuka, ukasimama wima, ukatunga palepale ile habari ya marehemu na alichosahau. Mama anasema ulifika nyumbani ukacheka mpaka ukashindwa kula. Wiki iliyofuata ukasikia mtu mwingine akiirudia sokoni kama neno la mababu.

Mimi sikucheka. Nilimwaga chai. Nilitoka nje nikasimama na ng'ombe wako kwenye ukungu, nikakutukana kwa Kikamba ili Mama asielewe.

Gia, Mzee. Nimepoteza taa, kioo, mlango, na karibu kazi, kwa sababu ya gia ya lori ambalo lilishauzwa vyuma kuukuu.

Lakini nikishuka kurudi Voi, hasira iligeuka ikawa kitu kingine. Nilianza kuona kwamba mkononi nina dawa. Kama mila yenyewe ilizaliwa kwa sababu mwenye duka alikataa kutengeneza rivasi, basi ukuta wa Werugha niliugonga kwa sababu ya mwenye duka. Mzizi wa ajali uko kwao. Nani alipe, kama si wao? Njia nzima nilipanga maneno, nikayatia makali. Asubuhi nikaingia dukani kabla ya wateja. Madam alikuwa anakunywa chai na mandazi nyuma ya kaunta. Akauliza, "Umekuja kusaini?"

Nikamwambia, nimekuja kukuambia kwa nini sikurudi nyuma siku ile. Nikasema, Mzee Mghendi alitufundisha kwamba gari la maiti halirudi nyuma, na nataka leo ujue jambo hilo lilianzaje.

Sikufika kwenye huo mwanzo wake. Alikuwa ameweka mandazi chini.

"Hukurudi kwa sababu ya hiyo?" akauliza. Nikasema ndio. Nikaona macho yake yamejaa maji, na mimi sijawahi kumwona Madam na machozi, hata kwenye mazishi yako alikuja na miwani nyeusi. Ndipo akaanza kuniambia safari ya mumewe. Kwamba wewe ndiye uliyempeleka, toka Voi hadi Murang'a, kwa lori lile lile. Yeye Madam alikaa mbele karibu na wewe. Kwamba mlipofika kwao mlikuta njia imezibwa na magari ya waombolezaji, watu wakakuambia urudi uzunguke, na wewe ukakataa. Uliomba ruhusa ukapita katikati ya shamba la migomba la jirani, ukazunguka kilima kizima kwa gia ya kwanza, mradi tu mumewe asirudishwe nyuma. "Ndugu zake walikuwa wamenitesa sana hiyo wiki," akasema. "Walisema mimi ndio nilimuua na kazi. Mtu mmoja tu ndio alimheshimu mume wangu mpaka mwisho. Dereva."

Nilisimama pale, Mzee, na maneno yangu yote makali mdomoni. Mumewe ndiye aliyesema kesho, kesho. Mumewe ndiye aliyepelekwa kwao na lori lisilo na rivasi kwa sababu ya ubahili wake mwenyewe. Na mjane wake amekaa na safari hiyo miaka yote kama kitu pekee kizuri kilichobaki kutoka wiki ile. Ningesema sentensi moja tu ningekuwa nimeshinda kesi. Niliitafuna nikaimeza.

Akajipangusa akanigombeza. "Sasa si ungesema hivyo mapema? Miezi yote unaniambia sheria, afisa wa kazi, sijui maikrofoni. Kwani mimi si mtu?" Akachukua simu, akampigia fundi, akalipa ile excess yote palepale, na mchana nilikuwa nimekaa kwenye kanta.

Unaona unavyonifanya? Haki yangu ilikuwa ya kweli: nilitumwa, nilikuwa kazini, gari ni lake, bima ni yake. Hiyo haki haikuninunulia hata kikombe cha chai. Kilichonilipia ni uongo wako. Sasa nikikutana na dereva mwenzangu akiniuliza nilimshindaje Madam, nimwambie nini? Yeye akigonga lori la tajiri wake kesho akiwa kazini, nimpe ushauri gani, abebe maiti? Nimeshinda ushindi ambao haumsaidii mtu mwingine yeyote, na siwezi hata kujisifu nao.

Na haikuishia hapo. Nilipokuwa natoka na ufunguo Madam aliniita tena. Akasema hana haraka ya kufa, lakini siku yake ikifika, mimi ndiye nitakayempeleka Murang'a. Si gari la kukodi. "Na usirudi nyuma, Mutuku. Hata njia iwe namna gani." Nikasema ndio, Madam. Ningesema nini?

Kuna kitu kimoja kinaniuma zaidi ya ule ukuta, na nikishakisema nitakuacha upumzike. Mama ulimwambia. Ulicheka naye. Mimi nilikaa kushoto kwako miaka yote ile, tumelala chini ya lori moja, tumegawana mkate mmoja, nimekuona ukikunja mikono mbele ya magari ya watu na ule uso wako wa mahakamani, na hukunigeukia hata mara moja ukanikonyeza. Ulidhani ningekusema? Ningecheka tu, Mzee. Tungekuwa tunacheka wawili mle ndani, sanduku nyuma, nyuso zetu zimenuna. Hiyo safari umeninyima na hakuna wa kuilipa.

Basi pumzika. Salamu ndizo hizi: Mama ni mzima, ng'ombe anakamuliwa vizuri, tangi tutalinunua. Ninakuahidi kwamba siri yako haitatoka kwangu, si kwa Madam wala kwa wazee wa Werugha. Na siku ya Madam ikifika, nitatangulia siku moja kabla, niitembee ile njia yote kwa miguu mpaka langoni kwao, nijue mapema pa kupita, ili nisilazimike kurudi nyuma wala kugonga ukuta wa mtu.

Mimi mwenyewe nimeshamwambia mke wangu kwamba siku yangu dereva arudi nyuma kadiri apendavyo. Ameniuliza kwa nini nawaza mambo kama hayo Jumapili.

Kwaheri, Mzee wangu.

Mutuku, utingo wako